Kinachoshikilia

Ndani ya ua mmoja wa Thongpiny, nyuma ya ukuta uliovikwa seng'enge, boti imekaa juu ya trela. Mto uko karibu, mwendo mfupi wa bodaboda kuelekea mashariki, lakini boti hii huonekana nchi kavu mara nyingi zaidi kuliko majini. Imezungukwa na magari meupe, tangi la maji na jenereta isiyonyamaza, na ndege zinazotua uwanja wa Juba hupita juu yake zikiwa zimekwisha kushusha magurudumu. Kwenye tezi imefungwa mashine ya farasi 115. Jioni dereva hubonyeza swichi, mashine ikatoa mlio mwembamba na kujiinua polepole mpaka rafadha ikatazama mbingu. Asubuhi huikuta imeshuka. Hakuna aliyeigusa, na chini kwenye kokoto hakuna hata tone la oili. Imeshuka yenyewe usiku kucha, kidogo kidogo, hata mlinzi aliyekesha karibu nayo asiweze kusema ilianza saa ngapi, na pezi la chuma lililo chini ya rafadha limegusa ardhi nyekundu.

Nimeitazama mara nyingi nikipita kwenda kazini. Mashine iliyokufa hainisumbui, maana kitu kilichokufa kimekwisha kujieleza. Hii ni nzima. Ukiibonyeza sasa hivi itapanda tena bila kusita, na mkaguzi aliyesimama hapo kwa dakika moja ataiandikia hati ya uzima na kwenda zake. Ugonjwa wake huonekana tu kwa yule anayekuwapo baada ya watu kuondoka.

Fundi aliyeitwa kuitazama ni Mkongo wa Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, mtu mzima asiye na haraka. Kijana anayemsaidia ni mzaliwa wa hapa hapa, anamwita Usta kama wanavyowaita mafundi katika Kiarabu cha Juba, kisha mazungumzo mengine yote wanayafanya kwa Kiswahili. Mzee alibonyeza juu, akasikiliza. Akabonyeza chini, akasikiliza. Akaweka kiganja juu ya silinda, akakaa kimya kitambo, halafu akasema: “Kupanda inapanda muzuri. Kushikilia ndiyo haina.” Kijana akachukua bisibisi, tayari kufungua. Mzee akamzuia mkono. “Usifungue kitu yenye haujasikiliza.”

Mfumo wenyewe ni mdogo ukilinganisha na mzigo unaobeba. Kuna mota ya umeme inayoweza kuzunguka pande zote mbili, pampu iliyo chini yake, tangi la oili lisilofika lita moja, na silinda zenye pistoni. Ukibonyeza juu, pampu husukuma oili chini ya pistoni, na oili iliyokuwa juu yake hurudi ilikotoka. Ukibonyeza chini, safari hugeuka. Hakuna kinachoingia kutoka nje, hakuna kinachopotea, ni oili ile ile inayokwenda na kurudi ndani ya chuma mwaka hadi mwaka. Mabaharia wa pwani husema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi ninayetoka bara, Mwanza, ambako ngalawa na majahazi ni habari za watu wengine, sikuielewa sawasawa methali hiyo mpaka nilipomwona mzee huyu akichora kwa kijiti ardhini njia ya oili: huku inapanda, huku inashuka, na huku chini kabisa inapumzika.

Lakini kuna hali ya tatu, ambayo haina kitufe chake kwenye swichi: pale kidole kinapoondoka. Umeme umekatika, mota imesimama, pampu haisukumi tena, na mashine yenye uzito unaopita kilo 170 bado inaning'inia hewani. Nani anaishika? Oili iliyofungiwa ndiyo inaishika, na oili nayo inafungiwa na vijidude ambavyo ukiviweka kiganjani hutaviona kuwa na maana: kigololi kinachokaa juu ya tundu na kuruhusu mapito ya upande mmoja tu, springi nyembamba, pete za mpira zinazozunguka pistoni. Kupandisha ni kazi ya mota, na mota ina sauti, ina chapa, ina bei. Kushikilia ni kazi ya mpira. Pete moja ikichoka, oili hujipenyeza kutoka upande wa pistoni wenye mzigo kwenda upande wa pili, humo humo ndani, ndiyo maana hakuna tone lililoanguka kwenye kokoto. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na boti akilini, lakini fundi yeyote anayetafuta uvujaji wa ndani anajua kwamba kitambaa cha kufutia hakitamwonyesha kitu.

Ni tatizo la zamani kama haidroliki yenyewe. Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa kikibanwa mahali pamoja hueneza mbano ule ule kila upande, hivyo nguvu ndogo kwenye pistoni nyembamba inaweza kuinua mzigo mkubwa kwenye pistoni pana. Maandishi yake yalichapwa 1663, mwaka uliofuata kifo chake. Ikapita zaidi ya karne kabla Joseph Bramah, fundi wa London, hajasajili shinikizo lake la maji mwaka 1795. Kanuni ilikuwapo muda wote huo, na haikuhitaji kuongezewa neno. Kilichokosekana ni namna ya kuzuia maji yasipenye pembeni mwa pistoni. Kwa masimulizi ya mafundi wa Uingereza, Bramah akikaza ufungaji, pistoni ilinasa na kukataa kurudi, na akilegeza, maji yalitoka. Aliyelifumbua fumbo ni kijana wa karakana yake, Henry Maudslay, aliyeweka pete ya ngozi iliyokunjwa mdomo wake kuelekea upande wa mbano. Maji yakija kwa nguvu huufungua ule mdomo na kuubana ukutani, kadiri yanavyosukuma ndivyo unavyoziba, na nguvu ikiondoka ngozi hulegea na kuiacha pistoni ipite. Nimelirudia wazo hilo mara nyingi kichwani. Kizuizi ambacho uimara wake unatokana na kile kile kinachotaka kukishinda! Pete za mpira za leo, zilizopewa hataza nchini Marekani mwaka 1939 kwa jina la Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark, hufanya kazi kwa siri iyo hiyo, maana mbano unaoisukuma pete kwenye mwanya ndio unaoifanya izibe. Zipo ndani ya mashine hii ya Thongpiny, zipo kwenye breki za malori yanayotoka Nimule, zipo kwenye magurudumu ya ndege zinazotupitia juu.

Na adui yao ni yule tunayemjua sote hapa: vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la Juba huingia kwenye kabati, kwenye mkate, kwenye vitabu. Mashine ikiachwa imeinuliwa juani, fimbo za pistoni zinazong'aa hubaki nje uchi, vumbi likazikalia, na siku mashine inaposhushwa zinaingia ndani na mzigo wao wa mchanga kupitia kwenye midomo ya mpira. Kila safari ni kovu. Mzee aliufuta ule mng'ao kwa kitambaa, akamwonyesha kijana mikwaruzo iliyosimama wima sambamba, akamwambia kwamba boti ikiwa majini ni heri mashine iinuliwe isiliwe na maji, lakini ikiwa kwenye trela bila safari ni heri ilale, fimbo zimeingia ndani, salama. Na wakati wa safari ya barabarani isiachiwe oili peke yake. Kuna chuma kidogo cha kuegemezea ambacho waliounda mashine walikiweka makusudi, na ambacho madereva wengi hawajawahi kukigusa kwa sababu swichi ni rahisi zaidi. Hapa mimi namuunga mkono kabisa. Tumekuwa watu wa kuamini kwamba kilichopanda kwa kitufe kitabaki juu kwa kitufe.

Njia ya kuutafuta ugonjwa ina mpangilio wake, na sitaki kuupita haraka, kwa sababu ndani yake mna adabu ya kufikiri ambayo ningependa kuiona katika ofisi zaidi ya moja. Huanzi na kilicho ghali. Kama mota iko kimya kabisa, unauliza betri, kisha fyuzi, kisha nyaya ambazo kutu ya kijani imezila ndani ya ngozi yake, kisha rilei mbili, moja ya kupandisha na moja ya kushusha: je, zinatoa mlio wa kugonga unapobonyeza? Zikikupa wasiwasi, unazibadilishana nafasi. Kama ugonjwa umehama pamoja na rilei, umemjua mgonjwa bila kununua kitu. Unaweza pia kuipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, na hapo mafundi wana ukumbusho wao, maana kwenye mashine nyingi waya wa kupandisha ni wa bluu na wa kushusha ni wa kijani: bluu ni mbingu, kijani ni majani. Kijana aliupenda huo, akaurudia mwenyewe kwa sauti ya chini. Kama mota inazunguka lakini mashine haisogei, unaangalia oili. Unaiinua mashine kwa mkono mpaka juu kabisa, unaiegemeza imara, ndipo unafungua kizibo taratibu. Oili inapaswa kufika mdomoni mwa tundu. Imekuwa nyeupe mithili ya maziwa? Maji yameingia. Mashine inapanda kwa kushtuka-shtuka? Hewa imo. Na kama inapanda vizuri halafu inashuka yenyewe, jambo la kwanza kabisa ni skrubu.

Skrubu hiyo iko ubavuni mwa bano linaloshika mashine kwenye boti, ndani ya tundu ambalo mtu asiyeambiwa hawezi kuliona. Kazi yake ni ya dharura: betri ikifa katikati ya mto, unailegeza kwa bisibisi bapa, oili inapata njia ya kupita, na watu wawili wanainua mashine kwa mikono. Ni mlango wa huruma. Lakini mtu akiufungua siku ya shida na kuusahau siku ya nafuu, hata kwa robo ya mzunguko, mashine haitashikilia tena, na wataalamu watakuja, wataagiza pampu mpya kutoka ng'ambo, wataifunga, na mashine itaendelea kushuka usiku. Mzee alisema ameliona hilo Butiaba, ameliona Ntoroko, ameliona hapa. Kwa boti hii skrubu ilikuwa imekazwa. Ingekuwa hadithi nzuri kama isingekazwa, lakini ilikuwa imekazwa, na ikabidi kwenda ndani.

Umuhimu wa kushikilia hauonekani vizuri ukiwa Thongpiny. Inabidi uende mtoni. Juba ndiko njia ya vyombo inakoishia ukitoka kaskazini. Kusini kidogo tu, Rejaf, maji huanza kugonga mawe, na maporomoko huendelea kwa vituo hadi karibu na Nimule. Mwaka 1841 msafara wa Salim Qapudan, uliotumwa na Muhammad Ali wa Misri, ulifika maeneo ya Gondokoro, ng'ambo ya pili kutoka hapa, ukakwamishwa na mawe hayo hayo. Kuelekea kaskazini mto unafunguka: Mongalla, Bor, kisha lile bwawa kubwa la Sudd, ambako mkondo hauna ahadi. Njia ya mwezi uliopita leo ni kichaka, na gugu maji, lililoingia Nile Nyeupe miaka ya 1950, linajizonga kwenye rafadha mpaka injini inakoroma. Huko nahodha hasafiri na mashine imelala yote, wala imeinuka yote. Anaitaka nusu. Akiiingiza ndani sana, omo unainama na kulima maji. Akiitoa nje sana, omo unarukaruka na rafadha inanyonya hewa. Penye fungu la mchanga anaiinua kidogo, anapunguza mwendo, anasoma rangi ya maji, na anapita juu ya mchanga kwa kina kisichozidi kiwiko. Katika dakika hizo anaomba jambo moja tu: pale alipoiweka, ikae. Mashine inayoteleza chini kidogo kidogo itamkita kwenye tope akiwa na mgonjwa ndani.

Na bado kuna kitu kigumu zaidi kukielewa, ambacho mzee alikieleza kwa kugonga mguu wa mashine kwa ngumi. Ndani ya pistoni ile ile yenye kazi ya kushikilia mmewekwa vijivali vingine vyenye springi ngumu, ambavyo kazi yake ni kuachia. Boti ikiwa kasi, mguu ukagonga gogo lililozama, oili iliyofungiwa isipopata pa kwenda, kitakachopasuka ni mbao au fiberi ya tezi, na mashine itazama na nyuma ya boti pamoja nayo. Kwa hiyo pigo likizidi kiasi, vijivali hufunguka, mguu ukaruka juu, gogo likapita, kisha uzito wa mashine unairudisha ilipokuwa. Waliounda chombo hiki walijua kwamba kisichokubali kupinda hata kidogo hakifiki mbali katika mto wenye magogo. Ila walikipimia: kishikilie dhidi ya uzito wa kila siku, kiachie mbele ya pigo la ghafla, kisha kirudi. Kikiachia mapema mno, kila wimbi litakisukuma. Kikichelewa, kitavunja kilichokibeba. Siwezi kuwazia kipimo kigumu kuliko hicho, na kwamba kimewekwa ndani ya springi inayotosha kwenye ncha ya kidole ni jambo linalonifanya niwaheshimu mafundi kuliko wasemaji wengi.

Mtu hawezi kuishi Thongpiny na kulifikiria neno kushikilia kwa habari ya mashine peke yake. Kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa hapa kando ya uwanja wa ndege, Desemba 2013, vita vilipozuka, maelfu walikimbilia na vyandarua, masufuria na watoto, wakati nchi ilipokuwa na umri wa miaka miwili na miezi mitano tu. Bendera ya uhuru ilikuwa imepandishwa tarehe 9 Julai 2011, na kila aliyekuwapo anasema ilipanda vizuri. Julai 2016 risasi zilirudi Juba, zikafika mpaka jirani na uwanja. Mkataba wa amani wa Agosti 2015 ulikuwa umepandishwa kwa makofi. Ule wa Septemba 2018, Addis Ababa, nao ukapandishwa. Uchaguzi uliotarajiwa Desemba 2024 ukasogezwa hadi Desemba 2026. Mimi ni mgeni hapa, na mgeni hana haki ya kuwahesabia wenyeji majeraha yao. Lakini ninaona kwamba wajumbe, kamera na wageni wa heshima huja siku ya kupandisha, na hakuna ndege inayokodiwa kuja kutazama usiku wa baadaye, pale ambapo mzigo wote unaning'inia juu ya vitu vidogo: mshahara wa askari unaofika au usiofika, hakimu wa kata anayeamua kesi ya ng'ombe kwa haki au kwa jamaa yake, mwalimu anayeingia darasani bila kulipwa kwa sababu watoto wamekuja. Amani ikishuka, tunatafuta aliyeisukuma. Mara nyingi hakuna aliyeisukuma. Imepenya ndani kwa ndani, na asubuhi tunaikuta chini bila tone kwenye kokoto.

Wala hiyo si habari ya hapa peke yake. Maji yanayopita chini ya madaraja ya Juba yamepita kwetu kwanza. Yalikuwa Mwanza, yalikuwa Kisumu, yalitoka Jinja, yakapita Kyoga na Ziwa Albert, yakaingia Nimule. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kwa sentimita moja rekodi ya 1964, na kwetu watu wa mwaloni walihamisha vibanda na kulalamika. Sisi tuliona ukingo umepanda. Watu wa chini ya mto waliona nchi imetoweka. Mafuriko ya kuanzia 2019 yalirudi mwaka baada ya mwaka bila maji ya nyuma kuwa yamekauka, na tangu 2021 Bentiu imekuwa kisiwa kinachoshikiliwa na matuta ya udongo. Wale waliokaa huko wanasimulia kwamba kujenga tuta halikuwa jambo gumu zaidi, maana mitambo ilikuwapo. Ugumu ni kulitembea kila siku, mchana na usiku wa mvua, ukitafuta unyevu unaotokeza upande wa ndani, na kulitia udongo pale pale kabla unyevu haujawa mkondo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa darasani, tukaiandika kwenye daftari kama sentensi ya mtihani. Bentiu, ufa usipozibwa kabla ya alfajiri, hakuna atakayebaki wa kujenga ukuta.

Katika nchi hii hii, jimbo la Jonglei, limesimama jitu la chuma ambalo watu waliliita Sarah, mtambo wa kuchimba wenye gurudumu la ndoo, ulioanza mwaka 1978 kuuchimbia Nile mfereji wa kulikwepa bwawa la Sudd. Ulichimba kilomita 240 kati ya 360 zilizokusudiwa, mpaka vita vikausimamisha 1984. Haujasogea tangu hapo. Majani yameuingia, na ndoo zake, zilizowahi kuinua udongo wa nchi nzima, hazina cha kuinua. John Garang, ambaye jeshi lake ndilo lililousimamisha mradi, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu eneo hilo hilo la Jonglei katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, 1981. Mimi sitamani mfereji ule ufufuliwe. Bwawa lile ni uhai wa watu na ng'ombe na samaki, na maji yakiondolewa pale uhai huo utaondoka nayo. Ninautaja mtambo kwa sababu unanikumbusha ni fedha kiasi gani tuko tayari kutoa ili kitu kikubwa kinyanyuke.

Wenye mashine za farasi 15 na za 40, wavuvi na wabeba abiria wa kando ya mto, hawana shida hii ya mashine kushuka yenyewe. Mashine zao huinuliwa kwa mkono na kushikiliwa na ndoano ya chuma, na ndoano hiyo haijui kuchoka. Shida ni yetu sisi wenye boti za kupeleka chanjo na wauguzi, tulioletewa vyombo vyenye vitufe pamoja na bajeti yenye safu ya ununuzi lakini isiyo na safu ya pete za mpira. Nimeiona karatasi hiyo. Kuna fedha ya kununua mfumo mzima mpya, umefungwa kwenye sanduku, wenye hati ya uthibitisho. Hakuna fedha ya pakiti ya pete za mpira inayoweza kupandishwa basi Kampala na kushuka kilomita 192 za lami kutoka Nimule hadi hapa, wala hakuna mstari wa kumlipa mzee kwa siku anazokaa akisikiliza kabla ya kufungua. Nimeomba mstari huo uandikwe. Nimeambiwa kazi isiyoacha kitu kipya cha kupigwa picha ni vigumu kuiripoti, nami nimejibu kwamba mgonjwa aliyefika Bor akiwa hai ni kitu kipya cha kutosha. Nitaendelea kuuomba mpaka uandikwe.

Kijana, wakati huo, anajifunza. Alikuwa kwenye benchi akisafisha kigololi kwa petroli pale simu yake ilipoita: kuna boti huko Bor, mashine inapanda vizuri, halafu inashuka. Wanataka kujua bei ya pampu. Mzee alikuwa akinywa chai na hakuinua kichwa. Kijana akajifuta mikono, akauliza kwa Kiarabu cha Juba, swali moja baada ya jingine, kwa mpangilio: oili ina rangi gani? Ikishuka, inaacha tone? Mkipiga rivasi, inajiinua yenyewe? Skrubu ya ubavuni mmeikagua? Upande wa pili hawakujua kama kuna skrubu. Akawaelekeza ilipo, akawaambia wachukue bisibisi bapa, waikaze mpaka mwisho bila kuivunja, waiinue mashine na kuweka alama ya chaki, kisha wampigie kesho asubuhi kabla ya kununua chochote.